Chale Mwenye Chale: Maisha ya Charlie Chaplin na Filamu Zake Fupi

Utangulizi

Neno chale ni miongoni mwa vitawe vya Kiswahili ambavyo mwanafunzi wa lugha huvipita bila kuvitazama mara ya pili. Maana yake moja ni mkato mdogo unaochanjwa kwenye ngozi, ama kwa ajili ya kutia dawa ama kwa urembo. Maana nyingine ni mtu mcheshi, damisi, ambaye kazi yake ni kuwachekesha wengine. Maneno haya mawili hayana unasaba wowote. La pili huhusishwa na jina la mtu mmoja, Charlie Chaplin, mwigizaji Mwingereza aliyevuma kwa filamu bubu mwanzoni mwa karne ya 20. Ni watu wachache mno ambao majina yao yamegeuka kuwa nomino za kawaida katika lugha wasizozijua.

Hata hivyo, heshima hiyo ina dosari. Katika matumizi ya kila siku, kumwita mtu chale mara nyingi ni kumdunisha: ni kusema kwamba hana uzito, hana aibu, na maneno yake hayafai kutiliwa maanani. Dharau hiyo imetanda pia katika taaluma yetu. Tanzia huchambuliwa kwa makini, ilhali ramsa na futuhi huonekana kama mambo ya kupitisha wakati. Makala hii inakusudia kusimulia maisha ya Chaplin, hasa yale yaliyozaa filamu zake fupi za miaka ya 1914 hadi 1923, ili kuonyesha kwamba chale huyu wa kwanza hakuwa mjinga hata kidogo. Ucheshi wake ulitokana na jeraha, na kiini chake ni utu wa mtu aliyenyang'anywa kila kitu isipokuwa adabu zake.

Utoto wa dhiki

Charles Spencer Chaplin alizaliwa tarehe 16 Aprili 1889 jijini London. Baba yake, aliyeitwa pia Charles, na mama yake, Hannah, walikuwa waimbaji katika kumbi za burudani zilizokuwa kimbilio la wafanyakazi wa jiji hilo kila jioni. Ndoa yao haikudumu. Baba alihama nyumbani Charlie akiwa mtoto mdogo, akazama katika ulevi, akafariki mwaka wa 1901 kabla ya kutimiza miaka 40. Hannah alibaki na wavulana wawili: Charlie, na Sydney, kaka yake wa mama mmoja aliyemzidi umri kwa miaka 4. Sauti ya mama huyu ndiyo iliyokuwa shamba lake na jembe lake. Nayo ilianza kukauka.

Katika tawasifu aliyoichapisha mwaka wa 1964, Chaplin anasimulia kwamba usiku mmoja mamake aliishiwa na sauti jukwaani mjini Aldershot, mbele ya wanajeshi waliomzomea bila huruma. Charlie, mtoto wa miaka 5, akaletwa mbele amalizie onyesho. Alipoanza kuimba, watu walimrushia sarafu. Mtoto akakatiza wimbo, akawaarifu kwamba angeokota fedha kwanza ndipo aendelee. Ukumbi ukaangua kicheko. Baadaye, bila ubaya wowote moyoni, akaiga wimbo wa mamake pamoja na jinsi sauti yake ilivyopasuka. Watu wakacheka zaidi. Hapo mtoto huyo alifunzwa somo ambalo msanii mwingine angelihitaji maisha yake yote kulielewa: jambo lile lile linalomvunja mtu moyo huweza kuwavunja wengine mbavu.

Mwaka wa 1896, Charlie akiwa na miaka 7, familia iliingia katika nyumba ya maskini ya Lambeth. Huko mama na watoto walitenganishwa. Wavulana wakapelekwa katika shule ya watoto fukara ya Hanwell, na Charlie aliposhikwa na choa akanyolewa kichwa na kupakwa dawa, akatengwa na wenzake.

Miongoni mwa visa vya miaka hiyo, kimoja kinastahili kusimuliwa kwa urefu kidogo. Mwaka wa 1898, familia ikiwa imerudi Lambeth, Hannah aliomba yeye na wanawe waruhusiwe kuondoka. Wakarudishiwa nguo zao zilizokunjamana, wakatoka langoni kama watu waliopata makao mapya. Makao hayakuwapo. Walikwenda katika bustani ya Kennington. Sydney alikuwa na peni 9 alizozificha. Wakanunua matunda ya cheri, wakachezea mpira wa gazeti lililofingirishwa, wakanywa chai mkahawani. Jioni walirudi kubisha lango la nyumba ya maskini, wakaomba kupokewa upya. Maafisa walikasirika, kwa kuwa iliwabidi kuandika majina yao tena na kuzitia nguo zao mvuke kwa mara nyingine ili kuua wadudu. Mama alikuwa ameiba siku moja kutoka kwa serikali, akawapa wanawe. Anayezijua filamu za Chaplin atatambua mara moja kwamba kisa hiki kina muundo wa filamu yake fupi: maskini, mlango, afisa, hila ndogo, karamu ya vitu duni, kisha kurejea palepale.

Punde baadaye Hannah alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alipata nafuu, akaugua tena. Mwaka wa 1903, Charlie, akiwa na miaka 14, alirudi nyumbani akaambiwa na watoto wa jirani kwamba mama yake alikuwa akipita mlango kwa mlango akigawa vipande vya makaa kama zawadi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemshika mkono akamtembeza hadi hospitalini. Kisha akaishi peke yake kwa siku kadhaa, akikwepa macho ya wenye nyumba na maafisa, mpaka Sydney aliporejea kutoka safari ya baharini. Laiti angalikuwa katika mitaa ya miji yetu ya leo, angaliitwa chokoraa.

Anasimulia pia kwamba utotoni aliona kondoo akiponyoka njiani kuelekea machinjioni. Watu walimkimbiza huku na huko, wakajikwaa na kuangukiana, na Charlie akacheka kama wengine. Kondoo aliposhikwa, ndipo mtoto alipofahamu anakopelekwa, akakimbilia kwa mamake akilia. Chaplin mwenyewe alishuku kwamba mbegu ya filamu zake, zile zinazochanganya kicheko na simanzi, ilipandwa siku hiyo.

Chuo cha jukwaani

Charlie hakusoma shule kwa muda mrefu. Jukwaa ndilo lililokuwa chuo chake. Kabla ya kutimiza miaka 10 alikuwa katika kundi la wavulana waliocheza densi ya viatu vya mbao. Kuanzia mwaka wa 1903 alizunguka Uingereza akiigiza mtumishi mdogo katika tamthilia ya Sherlock Holmes. Mwaka wa 1908, kwa msaada wa Sydney, alijiunga na kampuni ya Fred Karno, bingwa wa michezo mifupi ya kuchekesha ambayo ilitegemea vitendo zaidi ya maneno.

Kwa Karno, kuanguka kulikuwa taaluma. Mwigizaji alifunzwa jinsi ya kujikwaa bila kuumia, jinsi ya kupigwa kofi ambalo halikumfikia, na zaidi ya yote, jinsi ya kungoja. Kicheko kina wakati wake. Ukikiharakisha hufa, na ukikichelewesha huoza. Chaplin alisifika kwa kuigiza mlevi tajiri anayevuruga onyesho la jukwaani. Tusisahau kwamba ulevi ndio uliomuua baba yake. Hapa tena, jeraha na mzaha vinakaa katika ngozi moja.

Kampuni hiyo ilizuru Marekani mara mbili, mwaka wa 1910 na mwaka wa 1912. Katika msafara huo alikuwamo kijana mwingine ambaye baadaye ulimwengu ungemjua kwa jina la Stan Laurel. Ni katika ziara ya pili ambapo kampuni ya filamu ya Keystone ilimpa Chaplin mkataba wa dola 150 kwa wiki. Mwishoni mwa mwaka wa 1913 aliwasili Los Angeles, akiwa na miaka 24.

Nguo za kuazima

Keystone iliendeshwa na Mack Sennett, naye alizalisha vichekesho kama mwokaji anavyozalisha mikate. Filamu moja ilichukua siku chache tu. Ilijaa mkanda mmoja, yaani muda wa dakika 10 hivi, na kanuni yake ilikuwa moja: fujo. Polisi waligongana, magari yalitumbukia majini, wanaume walirushiana matofali, na kila kitu kiliishia katika mkimbizano. Mpigapicha alizungusha mtambo wa kamera kwa mkono. Akiuzungusha polepole, filamu inapoonyeshwa watu huonekana wakienda mbio kuliko binadamu wa kawaida. Kwa njia hii mwili wa mwigizaji ulipoteza uzito wake. Ungeweza kupigwa, kuviringishwa na kutupwa, nao ukainuka bila alama.

Filamu ya kwanza ya Chaplin, Making a Living, ilitoka tarehe 2 Februari 1914, naye hakuridhika nayo. Siku chache tu baada ya kuipiga alitakiwa avae chochote cha kuchekesha. Yasimuliwa kwamba aliokota nguo katika chumba cha waigizaji: suruali pana iliyokuwa ya mtu mnene, koti linalombana, viatu vikubwa mno, kofia ndogo ya duara, sharubu fupi na kifimbo cha mwanzi. Wahenga wetu walitufunza kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Siri ya mavazi haya ni hiyo hasa. Kofia, koti na kifimbo ni vitu vya bwana mheshimiwa. Suruali na viatu ni vya mtu asiye na chake. Aliyevaa anajitahidi kuwa bwana kuanzia kiunoni kwenda juu, huku miguu yake ikitoa siri.

Hadhira ilimwona mhusika huyu kwa mara ya kwanza tarehe 7 Februari 1914, katika filamu Kid Auto Races at Venice. Kisa chake ni chepesi ajabu. Watu wamekuja kupiga picha za mashindano ya magari ya watoto huko California, na mtu mmoja asiyejulikana anasimama kila mara mbele ya kamera. Anasukumwa, anarudi. Anapigwa teke, anarudi, anarekebisha kofia yake kana kwamba hakuna lililotokea. Mashindano yalikuwa ya kweli, na wengi wa watazamaji waliokuwa kandokando ya barabara hawakumjua. Filamu nzima haifikii hata dakika 10, lakini tayari imebeba hoja ambayo Chaplin angeirudia kwa miaka 22: huyu ni mtu ambaye ulimwengu hautaki kumwona, naye amekataa kutoonekana.

Mikanda miwili

Katika mwaka wa 1914 pekee Chaplin aliigiza katika filamu zaidi ya 30, na kabla ya nusu ya mwaka huo kwisha alikuwa ameanza kuziongoza mwenyewe. Mwaka wa 1915 alihamia Essanay kwa dola 1,250 kwa wiki. Mwaka wa 1916 kampuni ya Mutual ilimwahidi dola 670,000 kwa mwaka mmoja, naye hajafikisha bado miaka 27. Mtoto aliyekunywa chai ya peni 9 alikuwa sasa miongoni mwa watu waliolipwa vizuri zaidi duniani. Utajiri huo ulimpa kitu kimoja ambacho Keystone haikuwa nacho, nacho ni muda.

Filamu 12 alizoitengenezea Mutual kati ya mwaka wa 1916 na 1917 ndizo kilele cha vichekesho vifupi. Kila moja ilikuwa ya mikanda miwili, takribani dakika 20 hadi 25. Hakuandika mswada. Aliingia studioni na wazo tu, kwa mfano duka la rehani au ukumbi wa kuteleza, akalijaribu mbele ya kamera tena na tena mpaka kicheko kijitokeze. Mwaka wa 1983, watafiti wa filamu Kevin Brownlow na David Gill walionyesha hadharani mabaki ya picha ambazo Chaplin alizikata na kuzitupa. Ndipo ilipodhihirika kwamba kile kilichofanana na mchezo wa papo kwa papo kilikuwa zao la marudio yasiyohesabika.

Tutazame filamu 3. Katika The Pawnshop, mzururaji wetu ni karani wa duka la rehani. Mteja analeta saa ya mezani. Karani anaiwekea kifaa cha daktari cha kusikilizia moyo, anaigongagonga kama kifua cha mgonjwa, anaifungua kwa kifungulio cha mikebe, anaivuta matumbo, anaipima, anaimwagia mafuta. Vipande vyote vikishatapakaa mezani, anavikusanya, anavimimina katika kofia ya mteja na kutikisa kichwa kwa huzuni ya mtaalamu: saa haifai. Hakuna aliyeanguka wala kupigwa kofi katika kisa hiki kabla ya mwisho wake. Kicheko kinatokana na jinsi mtu mdogo alivyovaa adabu za wakubwa, za daktari na za sonara, na jinsi adabu hizo zinavyoweza kuangamiza mali ya maskini kwa uangalifu mkubwa.

Filamu ya pili ni Easy Street. Mtaa wake umejengwa kwa mfano wa mitaa ya London aliyokulia. Mzururaji anaajiriwa kuwa polisi mahali ambapo jambazi mmoja, pande la mtu, amewashinda polisi wote. Jambazi huyo anapoinamisha nguzo ya taa ya gesi kuonyesha nguvu zake, polisi mdogo anamvisha taa ile kichwani na kumlewesha kwa gesi. Aliye juu mngoje chini. Aliyeigiza jambazi, Eric Campbell, ndiye aliyekuwa adui mkuu katika filamu nyingi za kipindi hiki, hadi alipofariki kwa ajali ya gari mnamo Desemba 1917. Lakini kitendo kinachobaki akilini ni kidogo zaidi. Polisi wetu anamfumania mwanamke maskini aliyeiba chakula. Anamwonea huruma, badala ya kumkamata anakwenda kumwibia vyakula vingine na kumwongezea. Sheria imetazama njaa usoni, ikaona haya.

Ya tatu ni The Immigrant, yaani Mhamiaji. Meli imejaa wahamiaji wanaoelekea Marekani, na inayumba kiasi kwamba sahani ya mchuzi inateleza kutoka kwa mlaji mmoja hadi mwingine. Wanapoiona Sanamu ya Uhuru, nyuso zao zinajaa matumaini. Papo hapo maafisa wanawazungushia kamba kama mifugo. Mzururaji anaitazama sanamu tena, safari hii kwa jicho la wasiwasi, na afisa mmoja anaambulia teke. Baadaye mkahawani, anagundua kwamba sarafu aliyoitegemea kulipia chakula imepita katika tundu la mfuko wake, naye ameshuhudia mhudumu akimpiga mteja aliyepungukiwa na senti 10 tu. Msanii mmoja anajitolea kumlipia. Naye, kwa kuwa ni muungwana, anakataa kwa heshima kama desturi inavyotaka, anakataa tena, na mwungwana yule anakubali kukataliwa. Hebu tafakari: adabu ndiyo inayomponza. Mtu yeyote aliyewahi kusema ameshiba ugenini huku tumbo likinguruma atacheka, na kicheko chake hakitakuwa cha kumdharau yule aliye kiwamboni.

Hapa ndipo inapodhihirika tofauti ya Chaplin na fujo za Keystone. Katika vichekesho vya awali mtu aliangukia matope, basi. Katika vichekesho vya Chaplin mtu anaanguka, kisha anainuka haraka, anajifuta vumbi, anamwinulia kofia aliyemwona na kujifanya alikusudia. Kinachochekesha ni juhudi ya kulinda hadhi. Aghalabu aliiweka kamera mbali, ili mwili mzima uonekane tangu kofia hadi viatu, maana mwili huo ndio uliokuwa sentensi yake. Mwenzake mashuhuri, Buster Keaton, aliyeanza kuongoza filamu zake fupi mwaka wa 1920, alipambana na nyumba, garimoshi na dhoruba, uso wake ukiwa mkavu kama jiwe. Chaplin alipambana na njaa na mwenye cheo. Wote wawili walikuwa hodari. Ila mahasimu wa Chaplin walijulikana katika kila nchi.

Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa hazikuhitaji mkalimani, filamu zake zilivuka mipaka yote. Zilifika hata katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, ambako magari ya sinema ya serikali yaliyozunguka vijijini na filamu za mafundisho yalibeba pia vichekesho vyake, kwa kuwa vilikusanya watu. Ni kinaya kikubwa kwamba serikali ya kikoloni ilisambaza picha za maskini anayempiga teke afisa.

Mtoto na mbwa

Mwaka wa 1918 Chaplin alitoa A Dog's Life, ambamo mzururaji na mbwa koko wanapigania tonge moja. Muuzaji wa vyakula wanayemwibia aliigizwa na Sydney, kaka yule yule mwenye peni 9. Mwaka wa 1919, pamoja na Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith, alianzisha kampuni ya United Artists ili wasanii wamiliki kazi zao. Mwaka huo huo mtoto wake wa kwanza alifariki akiwa na umri wa siku 3. Muda mfupi baadaye alianza kazi ya The Kid, iliyotoka mwaka wa 1921, kisa cha mzururaji anayelea mtoto aliyetupwa. Maafisa wanapokuja kumchukua mtoto kumpeleka katika makao ya mayatima, mzururaji anakimbia juu ya mapaa ya nyumba kumfuata. Katika maisha halisi hakuna mtu aliyekimbia juu ya mapaa mwaka wa 1896. Mwaka huo huo wa 1921 alimhamisha Hannah hadi California, akamtunza huko mpaka alipofariki mwaka wa 1928.

Uadilifu unatudai tuseme pia kwamba utu uliomo katika filamu hizi haukumfuata nyumbani kila mara. Ndoa zake 2 za mwanzo alizifunga na wasichana ambao hawajafikia miaka 18. Wa pili, Lita Grey, alikuwa na miaka 16 naye ana 35. Ndoa hizo zilivunjika kwa aibu na maumivu. Aliyewaelewa maskini wa ulimwengu hakuwaelewa daima waliolala chini ya paa lake.

Ulimi uliofungwa kwa hiari

Filamu yake fupi ya mwisho, The Pilgrim, ilitoka mwaka wa 1923. Mnamo 1927 sinema ilipata sauti, na katika muda wa miaka 3 hivi filamu bubu zikawa maiti. Chaplin alikataa. Mzururaji akifungua kinywa, atakuwa na lugha. Akiwa na lugha, atakuwa na nchi. Na akiwa na nchi, wengine wote watakuwa wageni wake. Alitoa City Lights mwaka wa 1931 bila mazungumzo, na watu wakafurika. Katika mwaka huo alikutana na Mahatma Gandhi jijini London, wakazungumzia mashine na binadamu. Miaka 5 baadaye, katika Modern Times, mzururaji anamezwa na mashine ya kiwandani. Mwishoni mwa filamu hiyo sauti yake inasikika kwa mara ya kwanza, katika wimbo wa maneno yasiyo ya lugha yoyote. Wasikilizaji wanaelewa kila kitu kwa ishara zake. Sisi wanafunzi wa isimu tunaweza kuuona wimbo huo kama kwaheri ya makusudi: mzururaji alisema, lakini hakusema kitu. Hakurudi tena.

Mnamo 1940, katika The Great Dictator, Chaplin alimdhihaki Adolf Hitler, mtu aliyezaliwa siku 4 baada yake na aliyefuga sharubu kama zake. Katika miaka iliyofuata alishukiwa nchini Marekani kuwa mkomunisti, na kuishi huko miaka 40 bila kuomba uraia kukawa hatia machoni pa wengi. Septemba 1952, akiwa baharini kuelekea London, alipata habari kwamba kibali chake cha kurejea kimefutwa. Mwigizaji wa Mhamiaji alikuwa amezuiwa na maafisa wale wale aliowahi kuwapiga teke kwa mzaha.

Alihamia Uswisi na mkewe Oona, waliyeoana mwaka wa 1943 akiwa na miaka 54 na bibi arusi 18, na aliyemzalia watoto 8. Ndoa hii ilidumu hadi kifo. Mwaka wa 1972 Marekani ilimwalika apokee tuzo ya heshima ya Oscar, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi kwa dakika nyingi. Mwaka wa 1975 Uingereza ilimpa cheo cha Sir. Alifariki tarehe 25 Desemba 1977. Hata kaburini hakuachwa: mwaka wa 1978 wezi waliiba jeneza lake wakidai fidia, familia ikakataa kulipa, na jeneza likapatikana limezikwa katika shamba la mahindi. Ni kana kwamba mzururaji alitoroka mara moja zaidi, akakamatwa, akarudishwa langoni.

Hitimisho

Tumeona kwamba maisha ya Chaplin na filamu zake fupi ni kitambaa kimoja. Sarafu iliyopita katika tundu la mfuko, polisi mwenye huruma, adabu mbele ya sahani tupu: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichobuniwa na mtu aliyeshiba. Haiba ya vichekesho hivi, ambayo zaidi ya miaka 100 haijaifuta, haimo katika kuanguka. Kila kiumbe huanguka. Imo katika ile nukta ndogo baada ya kuanguka, mtu anapookota kofia yake.

Iwapo hoja hii ina mashiko, basi tunapaswa kulitumia neno letu kwa uangalifu zaidi, na kuwachunguza watani na wachekeshaji wa jamii zetu kwa makini yale yale tunayowapa watunzi wa tanzia. Kamusi imeziweka maana mbili za chale mbali mbali, kila moja na nambari yake, na kisarufi imefanya sawa. Lakini katika maisha ya mtu huyu mmoja, maana hizo zilikutana. Alikuwa chale, na alikuwa na chale.